Siri ya Mashine ya Kukamua Mazulia

Eskilstuna, 15 Machi 1970

Dada yangu Lempi,

Salamu nyingi kutoka huku Sweden. Mimi mzima, ukiacha mgongo, na mgongo nimeacha kuuhesabu. Nyusi zimeota tena baada ya zile cheche za Januari. Kwenye kambi ya kiwanda bado tunalala wanne chumba kimoja, Wafini watupu, na Reino bado anakoroma kama msumeno uliokutana na msumari. Msalimie ng'ombe wetu Mansikki. Msalimie na Hilma wa ng'ambo ya ziwa, kama atazikubali salamu zangu.

Sasa neno lenyewe. Barua yako ya Februari niliisoma mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza sikutaka kuielewa. Unasema serikali inawalipa wakulima wadogo ili wasilime, na kwamba fomu imeshafika nyumbani. Ukitia sahihi, mashamba yatalala, Mansikki ataenda machinjioni, nawe utahamia ghorofani karibu na duka. Dada, usitie sahihi. Mawe ya shamba lile baba aliyang'oa kwa mikono, na mengine tuliyabeba mimi na wewe. Najua nimekaa miaka sita mbele ya tanuri la watu, na kila mwaka nimesema narudi mwakani. Mwaka huu nina sababu.

Nimevumbua kitu. Ni mashine ya kukamua mazulia ya matambara yakishafuliwa ziwani. Unaweka nguzo mbili gatini. Kwenye nguzo ya kwanza kuna kulabu ya kushika ncha ya zulia. Kwenye ya pili kuna gurudumu la chuma lenye meno na mkono wa kuzungushia, kama ule wa mashine yetu ya zamani ya kutenga krimu. Unazungusha, zulia linajisokota, maji yanatoka. Ulimi mdogo wa chuma unaingia katikati ya meno ili gurudumu lisirudi nyuma. Mchoro nimeuambatanisha. Mpelekee mzee Oskari mhunzi, afue moja ya kujaribia.

Reino anasema kuna karatasi ya serikali inaitwa hataza. Ukiwa nayo, kitu ni chako, hakuna kiwanda kitakachokiiga. Nikiipata, narudi nyumbani, ninazitengeneza mashine kwenye karakana ya baba, na shamba linaendelea kulimwa. Lakini kitu kikishajulikana na watu kabla hujaomba, hataza hupati. Kwa hiyo usimwambie mtu. Si dukani, si kanisani, si kwenye lori la maziwa.

Mdogo wako,
Taisto


Lehtovaara, 4 Aprili 1970

Mdogo wangu Taisto,

Barua imefika. Nimeisoma kwa miwani na bila miwani, na inasema yale yale. Sisi wazima. Mansikki amezaa ndama jike mwenye doa jeupe kwenye paji, kwa hiyo machinjio utakayoyataja safari ijayo yataje polepole, anasikia. Theluji upande wa kaskazini bado imefika dirishani. Mzee Oskari ametimiza miaka sabini na tisa na amewekewa meno ya bandia, sasa anatafuna kila kitu mbele za watu. Hilma amezipokea salamu. Aliuliza kama bado unapiga mluzi ukiwa na hofu. Nikamwambia sijui, barua haina sauti.

Kuhusu uvumbuzi. Nilikuwepo ulipovumbua lango linalojifunga lenyewe. Daktari wa mifugo naye alikuwepo, upande wa ndani, pamoja na fahali. Nilikuwepo ulipovumbua mashine ya kuchambua viazi kwa ukubwa, na mwaka jana nilipopaka dari rangi nilikuta bado kuna alama ya kiazi. Watu husema mvumilivu hula mbivu. Mbivu zako wewe huniangukia mimi kichwani.

Hata hivyo mchoro nimeutazama. Zulia umelichora kama soseji, lakini nimeelewa. Anayepiga magoti gatini kila kiangazi ni mimi. Zulia la mita nne likishiba maji lina uzito wa ndama, na bega langu la kulia limekwisha tangu mwaka aliofariki mume wangu Aarne nikabaki kubeba peke yangu. Kwa hiyo sikucheka sana.

Oskari aliuliza, "Hiki ni cha nini?"

Nikamwambia, "Cha ng'ombe."

Akaigeuza karatasi juu chini. "Ng'ombe gani huyo anayezungushwa?"

"Wewe fua, mzee, usiulize."

Anafua. Na fomu iko nyuma ya saa ya ukutani. Siku ya mwisho ni tarehe thelathini Septemba. Nitangoja hadi hapo kwa sababu wewe ni ndugu yangu, si kwa sababu ya soseji. Ikifika siku hiyo na hujarudi, wala huna cha kurudia, natia sahihi. Nina miaka hamsini na mitatu, Taisto. Sitabeba ndoo za maziwa hadi kaburini kwa ajili ya mawe ya baba.

Lempi


Eskilstuna, 10 Mei 1970

Dada Lempi,

Salamu kwako na kwa ndama. Mpe jina Omena, ni jina zuri. Huku miti imetoa majani, lakini mimi huyaona kwa dirisha la basi tu. Zamu za wiki mbili hizi zimeniacha kama gunia tupu. Nikirudi chumbani nakaa kitandani na kiatu kimoja mkononi, nikisahau kama nilikuwa nakivaa au nakivua.

Ofisi ya hataza ya Helsinki imenijibu. Wamesema niandike ombi, nieleze kifaa hatua kwa hatua, na nisikionyeshe kwa umma kabla halijafika. Nilijaribu kuandika. Mimi unanijua, shule niliiacha siku ile farasi alipoumwa, na sikurudi. Niliandika: "Unazungusha hadi maji yaishe." Reino akasoma, akasema hivyo haviandikwi kwa serikali. Yeye alisoma shule ya biashara majira mawili ya baridi. Sasa ananiandikia. Zulia analiita "kitambaa ambacho urefu wake umeuzidi upana wake." Maji anayaita "unyevu usiotakiwa." Inakwenda polepole, lakini inasikika kama inatoka kwa mtu mwenye tai.

Tunaandikia mahali patulivu. Hakuna wasiwasi.

Ukiijaribu, ijaribu alfajiri kabisa kabla wanawake hawajafika gatini. Na wewe peke yako.

Taisto


Lehtovaara, 14 Juni 1970

Mdogo wangu,

Tuko salama. Mvua imenyesha vizuri, viazi vimechipua, Omena anakua na amekula shati lako la zamani lililokuwa kwenye kamba. Kasisi Vuorela, yule kijana aliyeletwa kumsaidia mchungaji, ana mafua makali, hivyo Jumapili tuliimba tu tukaenda nyumbani. Hilma amefungwa bendeji mkononi, lakini anaendelea vizuri.

Mashine ilijaribiwa Jumanne saa kumi alfajiri, jua likiwa limeshatoka kama kawaida ya Juni. Ilifanya kazi.

Lempi

Oskari anauliza kama ule ulimi wa chuma unaweza kuwa mnene zaidi. Anauliza tu.


Eskilstuna, 22 Juni 1970

Dada Lempi,

Salamu. Mgongo vile vile. Shati silidai.

Nimefanya kazi na chuma miaka sita. Mtu haulizi "tu" kuhusu unene wa chuma. Nina maswali, nayo ni haya. Kasisi anapataje mafua mwezi Juni? Hilma bendeji ameipatia wapi? Na hukuandika kwamba hakuna aliyeona. Nimeitafuta sentensi hiyo mbele na nyuma ya karatasi, sikuiona.

Nijibu haraka. Reino amefika ukurasa wa tatu na anataka kujua kama kifaa ni "salama kwa mtumiaji na walio jirani."

Taisto


Lehtovaara, 2 Agosti 1970

Mdogo wangu mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa, tulikuwa tunavuna nyasi. Nyasi ni nyingi mwaka huu. Nyasi nzuri kabisa. Nimeweka za kutosha majira yote ya baridi, jambo la kipumbavu kwa mtu mwenye fomu nyuma ya saa, lakini mkono umezoea.

Haya, maji yakimwagika hayazoleki. Nitakueleza.

Nilifika gatini peke yangu kama ulivyotaka. Nikafunga zulia jekundu la jikoni, nikaanza kuzungusha. Mara nikasikia matete yanavunjika, na kasisi Vuorela akatokea na chupi ya kuogelea. Kumbe huogelea kila alfajiri kwa ajili ya mapafu yake.

"Bwana asifiwe, mama Lempi, mbona mapema?"

"Mazulia yamechafuka, kasisi."

"Na hiyo ni nini?"

"Ya ng'ombe."

Akalitazama zulia. Akaitazama mashine. Akazunguka gatini akimtafuta ng'ombe. Kisha akasema, "Ngoja nikushikie." Kasisi huwezi kumkataza kusaidia, ndiyo kazi yake. Nikaendelea kuzungusha, na Taisto, maji yalitoka. Yalitoka kama kwenye chujio. Nilikaribia kulia, bega langu halikuuma hata kidogo. Nikaona nizungushe mara moja zaidi, kwa furaha tu, na ule ulimi wako ukaruka. Zulia likajisokotoa kama nyoka aliyekanyagwa mkia, likamchapa kasisi kifuani, naye akaenda ziwani kinyumenyume.

Hilma alikuwa anakamua ng'ombe ng'ambo. Aliona mtu anaruka, akaacha ndoo, akapiga kasia hadi kwetu. Tukimvuta kasisi, mkono wa Hilma ukabanwa kati ya mashua na gati. Kasisi alipofika juu alisema neno ambalo sitaliandika, kisha akamwomba Mungu radhi, kisha mimi, kisha Hilma, kwa mpangilio huo.

Alikuwa anatetemeka, nikapasha moto mawe ya sauna hadi chumba kikajaa mvuke. Akaingia yeye kwanza. Alipotoka tukaingia mimi na Hilma. Na humo ndimo nilimweleza Hilma yote, kwa sababu alikuwa ameumia mkono kwa ajili ya kitu asichokijua, na si haki. Alikaa juu ya benchi mkono wenye bendeji ukiwa juu, hadi jiwe la mwisho likapoa. Kisha akasema:

"Ndimi mbili. Mmoja ukiruka, wa pili unashika."

"Umejuaje?"

"Miaka ishirini nafunga mlango wa kondoo dume."

Tukamwambia Oskari aongeze ulimi wa pili, upande wa pili wa gurudumu. Haijaruka tena.

Najua utakasirika. Lakini ulitaja duka, kanisa na lori la maziwa. Sauna hukuitaja, wala usingeitaja, kwa sababu wewe nawe ulilelewa humu ndani. Ya saunani hubaki saunani. Hakuna mtu katika nchi hii atakayesema kwamba kilichosemwa saunani kimesemwa.

Lempi


Eskilstuna, 9 Agosti 1970

Dada Lempi,

Salamu kwako, kwa nyasi, kwa Omena. Mpe pole kasisi.

Ombi limetumwa jana, lenye ndimi mbili. Reino alinuna siku mbili kwa sababu ilibidi aandike upya kurasa zote nne, na alikuwa ameshauzoea ulimi mmoja. Hilma ni mtu mwenye akili. Mwambie. Au usimwambie, nitamwambia mwenyewe.

Kuhusu sauna, sina neno.

Mtu mmoja wa Kuhmo, kule nyumbani, anayekaa chumba cha tatu hapa kambini, amerudi kutoka likizo ya Julai. Amesema kwao samaki ni wengi. Hilo halihusiani na chochote, nakupa habari tu.

Tanuri linawaka. Nimeshaanza kuwaambia watu kwamba Oktoba sitakuwepo.

Taisto


Lehtovaara, 30 Agosti 1970

Mdogo wangu,

Wazima wote. Matunda ya msituni ni mengi, mdomo wangu mweusi tangu Alhamisi. Nimemwambia Hilma kwamba ana akili. Alisema, "Imemchukua miaka mingi kuona," akaenda zake na ndoo, akipiga mluzi. Sikujua kama na yeye hupiga.

Usiwe na wasiwasi wowote. Hapa hakuna anayezungumza chochote. Oskari ana kazi nyingi kuliko kawaida, amenunua makaa mapya na hatafuni tena mbele za watu, hana nafasi. Gati la kanisani Jumamosi lilikuwa na foleni. Sikusimama kuuliza ni ya nini.

Fomu bado iko nyuma ya saa. Imebaki mwezi mmoja. Afisa wa kilimo alipita, akanywa vikombe vitatu vya kahawa, akanikumbusha. Akaniuliza pia kama mazulia yangu yamekauka vizuri mwaka huu. Nikamwambia vizuri, ahsante. Akatabasamu kwa namna ambayo sikuipenda.

Lempi


Eskilstuna, 14 Septemba 1970

Dada Lempi,

Salamu. Leo zitakuwa fupi.

Helsinki wamejibu. Reino anasema wengine hungoja hata miaka miwili. Mimi wiki tano zimenitosha. Wameandika kwamba kifaa "kilikwisha kujulikana na kutumika hadharani kabla ya tarehe ya ombi," na kwa hiyo hataza haiwezekani. Nilifikiri ni makosa, nikataka kumwambia Reino aandike malalamiko. Kisha nikaona kuna maandishi ya kalamu chini, karibu na muhuri. Mkaguzi mwenyewe, jina lake Kyllönen, ameandika hivi, nanakili neno kwa neno:

"Bwana Kemppainen, nasikitika. Mama yangu mzazi anaishi Kuhmo na anacho kimoja tangu Julai. Wiki nzima ya likizo yangu nimekizungusha mimi. Ni kifaa bora. Mama anauliza kwa nini meno yanapinda baada ya zulia la kumi."

Nilikaa kitandani na kiatu mkononi. Nikasema moyoni, Lempi ameniua. Nikachukua karatasi nikuandikie maneno makali. Nimeandika kurasa mbili, na nimezichoma, kwa sababu ni lazima nikwambie jambo ambalo sikukwambia.

Nilikuandikia kwamba tunaandikia ombi mahali patulivu. Mahali hapo palikuwa sauna ya kambi. Ndipo pekee pasipo na redio. Reino alikuwa anaandika kwenye chumba cha kuvulia nguo, mimi namweleza kwa sauti kupitia mlangoni, na juu ya benchi wamekaa wanaume tisa. Walianza kuuliza maswali. Mmoja akasema gurudumu liwe pana zaidi, mwingine akasema si kweli, wakagombana. Nikatoka na taulo nikachora kwa kidole kwenye kioo chenye mvuke ili waelewe. Yule wa Kuhmo alikuwa wa tatu kutoka kushoto. Aliuliza vipimo. Nilimpa.

Sikuona kama nimemwambia mtu. Ilikuwa saunani.

Kwa hiyo sijui nani kaitoa, wewe au mimi, wala haina maana tena. Nimevumbua kitu kinachofanya kazi kwa mara ya kwanza maishani, na kila mtu anacho isipokuwa mimi. Sina cha kurudia. Msimamizi wetu Sundqvist ameniuliza kama Oktoba nitakuwepo, nikamwambia huenda.

Tia sahihi, dada. Umengoja vya kutosha. Omena umtafutie watu wazuri.

Taisto


Lehtovaara, 21 Septemba 1970

Taisto,

Salamu utazipata mwishoni, sasa sina nafasi.

Siku niliyopata barua yako nilivaa kitambaa changu cha kanisani nikaenda kumuuliza Hilma. "Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu. Dada yangu tu, na tulikuwa saunani."

Nikaenda kwa dada yake. Hakumwambia mtu, isipokuwa mama mkwe, saunani. Mama mkwe ni mtu wa kuheshimika, naye aliniapia kwamba hajafungua mdomo, ila mkesha wa sikukuu ya kiangazi walikuja wageni kutoka Sotkamo, na sauna ilikuwa imejaa. Kasisi naye nilimuuliza. Akawa mwekundu hadi masikioni. Alikuwa amemweleza mchungaji kwa nini anapiga chafya, na unajua walikuwa wapi.

Kwa hiyo siri yako haikutoka saunani hata siku moja, mdogo wangu. Ilitembea tu kutoka sauna hadi sauna. Wote ni waaminifu. Nimewauliza mmoja mmoja na wote wanashangaa.

Sasa sikiliza. Oskari amefua kumi na nne. Nilijua tangu Julai na sikukwambia, hilo ni langu, nalibeba. Kumi na nne zote meno yanapinda, si ya mama wa mkaguzi tu. Oskari anasema chuma chake ni laini na hajui kukifanya kiwe kigumu bila kukifanya kivunjike. Ameshavunja magurudumu matatu. Amekaa kwenye kigogo mlangoni pa karakana, ametoa meno yake ya bandia ameyaweka mfukoni, akaniambia, "Mwambie kaka yako mdogo kwamba mimi ni wa kwato za farasi. Hii kazi inataka mtu aliyekaa mbele ya tanuri la kweli." Wanawake wa Sotkamo wamekuja kwangu na mashua mbili kuuliza fundi yuko wapi. Nikawaambia yuko Sweden. "Anafanya nini huko?" Nilisema analala chumba kimoja na wenzake watatu.

Kusikia jinsi mashine ilivyo, watu wanaweza kusikia saunani. Kuyapa meno ya chuma ugumu hakuna aliyejifunza kwa kusikia. Nimemuuliza Oskari mara mbili ili nihakikishe.

Na fomu. Jumamosi Hilma alikuja kunieleza umbo la jino lililo bora, lililoinama upande mmoja. Nikatafuta karatasi, sikuipata. Akanyoosha mkono nyuma ya saa. Alichora kwa penseli ya seremala, na unamjua anavyobonyeza, limetokeza upande wa pili hadi juu ya mstari wa sahihi. Sidhani serikali inapokea karatasi yenye jino. Nimeikunja humu ndani, utaiona. Fomu nyingine zipo Kajaani, lakini ni mwendo wa basi, na bega langu limeanza kuuma tena tangu jana, nadhani litauma hadi tarehe thelathini.

Nyasi zipo ghalani. Salamu kutoka kwa Mansikki, Omena, kasisi, na Hilma, ambaye hakuzituma kwa mdomo lakini alikuwa anautazama mchoro wako wa soseji muda mrefu.

Lempi


Eskilstuna, 27 Septemba 1970

Dada yangu Lempi,

Salamu nyingi kwa wote, kwa mpangilio wowote.

Jino nimeliona. Limeinama pazuri, lakini kitako chake kiwe kinene kidogo. Na lipozwe kwenye mafuta, si kwenye maji, hapo ndipo Oskari anapokosea. Asifue kitu hadi nifike.

Nimemwambia Sundqvist naacha kazi. Aliniuliza nakwenda kufanya nini. Nikamwambia kutengeneza mashine ambayo kila mtu anayo. Alifikiri Kiswidi changu kimekosea, nikairudia, akanipa mkono. Reino amelia, kisha akaomba kitanda changu kwa sababu kipo dirishani. Yule wa Kuhmo amenipa mfuko wa samaki wakavu niwapelekee, na hakunitazama machoni. Nimemjibu Bwana Kyllönen kwa mkono wangu mwenyewe, bila Reino. Nimeandika: "Mwambie mama asizungushe hadi Oktoba."

Meli ni Jumatano, treni hadi Kajaani, kisha basi. Ijumaa jioni nitakuwa njia panda. Usije kunipokea, una bega. Kama Hilma atakuwa anapita na mkokoteni, mizigo ni mizito.

Jumamosi pasha moto sauna, uwaite wote. Nimepata wazo jingine huku kwenye zamu, la kuvulia samaki chini ya barafu, na sitaki lichelewe kufika Kuhmo.

Mdogo wako,
Taisto